Mwongozo kamili: kudai matunzo ya mtoto aliyefika umri wa sekondari, kwa sisi wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Mtoto akiwa mchanga kina baba wengi bado wanajitahidi, leo kilo ya sukari, kesho elfu kumi ya dawa, siku zinaenda. Shida kubwa inakuja mtoto akimaliza darasa la saba. Hapo anakula kama mtu mzima, viatu havikai miezi sita, kuna nauli ya daladala, kuna pedi, kuna mchango wa chakula shuleni, na ndipo baba anahamisha laini ya simu au anakwambia "huyo si ameshakua, mwache ajitafutie". Mimi nakaa Ilemela na nimewasindikiza wamama, mabibi na baba mmoja mmoja kwenye hizi ofisi za ustawi na mahakamani, na ninachokiona kila mara ni kimoja: makubaliano ya mdomo yanakufa mtoto akianza form wani. Kwa hiyo huu mwongozo wote unalenga kitu kimoja, upate karatasi yenye muhuri wa mahakama kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Soma taratibu, huhitaji kuwa msomi.

Kwanza ujue sheria inasema nini

Sheria yetu hapa ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inatumika Tanzania Bara. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, basi. Awe na ndevu, awe na urefu kumzidi baba yake, awe anauza maji ya kandoro pale Buzuruga baada ya shule, bado ni mtoto. Kifungu cha 8 kinamwekea mzazi wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, na hata nafasi ya kucheza na kupumzika. Anayevunja wajibu huo anatenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 5 au kifungo hadi miezi 6 au vyote viwili. Watu wengi hawajui kabisa kwamba kutelekeza mtoto kunaweza kukupeleka ndani, wanadhani ni ugomvi wa mapenzi tu.

Kingine, mtoto wa ndoa na mtoto wa nje ya ndoa wako sawa kwenye matunzo. Zamani kulikuwa na sheria ya mtoto wa nje ya ndoa ambayo kiwango chake kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, ndiyo, mia moja, na ilibaki kwenye vitabu mpaka hii ya 2009 ilipokuja kuifuta. Sasa hivi hakuna kiwango kilichopangwa, hakimu anaangalia hali halisi. Ukisikia mtu anakwambia "sheria inasema elfu hamsini" au "sheria inasema nusu ya mshahara" ujue kasikia kijiweni.

Na wajibu ni wa wazazi wote wawili. Hili nalisema kwa upendo kabisa kwa wamama wenzangu, maana wapo wanaodhani ukienda mahakamani baba anabebeshwa kila kitu. Hakimu atakuuliza na wewe unaingiza nini. Vilevile baba anayelea peke yake kwa sababu mama kaenda zake Geita au Dar ana haki ileile ya kumdai mama. Na bibi anayelea wajukuu anaweza kudai pia, kwa sababu sheria inaruhusu maombi yaletwe na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, na hata mtoto mwenyewe akisaidiwa na mtu mzima wa kumsimamia.

Hatua ya kwanza: kusanya makaratasi kabla hujampigia mtu simu

Watu wanaanza na ugomvi, halafu wanakuja kutafuta ushahidi wakati mwenzao keshafuta kila kitu. Wewe anza na bahasha. Ndani weka cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hana, nenda kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya yako, ni huduma ya RITA, watakwambia uambatanishe nini: tangazo la hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji. Usiseme utashughulikia baadaye, mtoto mkubwa asiye na cheti atakwama na kwenye mitihani na mkopo wa chuo.

Weka pia kitu chochote kinachoonyesha huyo mtu aliwahi kumkubali mtoto. Meseji za M-Pesa au Airtel Money alizotuma, piga skrinishoti na uende kuomba statimenti ya miamala kabisa. Chati za wasapu anazosema "mwanangu", usikate kipande, acha namba na tarehe vionekane. Picha za ubatizo au za maulidi ya kumpa mtoto jina. Fomu ya shule aliyosaini kama mzazi. Kadi ya kliniki yenye jina lake. Kama ukoo wake walikuja kufanya mila ya kumtambua mtoto, andika majina ya waliokuwepo, maana sheria inataja sherehe ya kimila iliyofanywa na baba kuwa moja ya ushahidi wa uzazi, sambamba na jina kwenye rejesta ya vizazi, kumkubali mtoto hadharani na majibu ya DNA.

Zile risiti za zamani za mtoto akiwa na miezi au mwaka mmoja, hizo ndizo dhahabu, usizitupe. Kama unamdai mwanaume ambaye anaweza kukana mtoto, ushahidi kwamba alikuwa anatoa hela tangu mtoto mchanga unabeba uzito mkubwa sana.

Halafu andika taarifa za mzazi mwenzako: jina kamili, namba zote za simu, anakaa wapi, anafanya nini, tajiri wake (bosi wake) nani, ana mali gani inayoonekana. Usiandike "ana hela nyingi", andika "ana mtumbwi mmoja na injini, anashushia mwalo wa Igombe" au "ana bodaboda mbili, kijiwe cha Mkolani".

Hatua ya pili: piga hesabu ya mtoto wako

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoharibika. Unafika mbele ya hakimu anakuuliza unataka shilingi ngapi unasema laki tano, anakuuliza za nini, unabaki kumwangalia. Kaa chini na daftari, ikiwezekana na mtoto mwenyewe maana yeye anajua vitu ambavyo wewe hujui, kama mchango wa mitihani ya majaribio na fotokopi.

Nikupe mfano wa binti wa form two anayesoma shule ya kutwa, bei weka za mtaani kwako. Nauli kwenda na kurudi 400 kwa siku, siku 22, ni 8,800. Chakula cha mchana shuleni 1,000 kwa siku, 22,000. Chakula chake nyumbani tuseme 3,000 kwa siku, mwezi mzima 90,000. Pedi, sabuni, mafuta 12,000. Madaftari, kalamu, fotokopi 8,000. Sehemu yake ya kodi ya chumba na umeme 25,000. Jumla 165,800. Halafu sare mbili, viatu, sweta na begi 120,000 kwa mwaka, ukigawa kwa miezi 12 inaongezeka 10,000. Unafika 175,800 kwa mwezi kabla ya hospitali. Kama mnaingiza sawa basi kila mmoja abebe 87,900. Kama yeye ana mshahara na wewe unakaanga samaki pale Kirumba, unaomba abebe sehemu kubwa zaidi, na unaeleza kwa nini.

Kuna mtu atakuja na hoja "elimu si bure siku hizi?" Ni kweli ada ya form wani mpaka form foo ilifutwa mwaka 2016, na form faivu na siksi mwaka 2022. Lakini ada tu. Sare, chakula, hosteli, nauli, vitabu vya ziada, vyote viko mkononi mwa mzazi. Andika kabisa kwenye karatasi yako ili hoja hiyo ikija uwe na jibu.

Na kumbuka matumizi ya mtoto wa sekondari hayaji sawasawa kila mwezi, Januari ni mlima, na kwa anayekwenda form faivu Julai ni mlima mwingine. Mahakama inaweza kuamuru malipo ya kila mwezi au malipo ya mkupuo, kwa hiyo unaweza kupendekeza vyote, kiasi kidogo cha kila mwezi na kiasi cha Januari peke yake. Kwa kina baba wa ziwani hii inafanya kazi vizuri kuliko kulazimisha laki kila tarehe mosi. Anayevua dagaa anategemea giza, mwezi ukiwa mkubwa anakaa, na tajiri anatoa mafuta kwanza ndipo mgao unakuja. Ukimpangia kitu asichoweza, mwezi wa pili tu atatoroka kisiwa kingine na mtoto atabaki na karatasi.

Hatua ya tatu: serikali ya mtaa halafu ustawi wa jamii

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, omba barua ya utambulisho, eleza kwa ufupi, usimsimulie ndoa nzima. Kisha nenda ofisi ya ustawi wa jamii, iwe kwenye kata yako kama kuna afisa, au halmashauri: Jiji kwa watu wa Nyamagana, Manispaa kwa sisi wa Ilemela, na wenzetu wa Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe kwenye halmashauri zao.

Afisa ustawi atafungua jalada, atakusikiliza, atamwandikia mwenzako barua ya wito. Akija mtakaa mezani. Nenda na ile hesabu yako. Ongea kuhusu mtoto tu, habari ya nani alimwacha nani na nani anaishi na nani sasa hivi inakula muda na inampa mwenzako sababu ya kununa na kuondoka.

Mkikubaliana, mwandike: kiasi gani, tarehe gani, kwa namba gani ya simu, Januari nani ananunua nini, akiugua nani analipa hospitali, na likizo mtoto atakaa wapi. Wote msaini na afisa asaini. Hapa sasa ndipo watu wanaposimama wanarudi nyumbani wakifurahi, na mimi nakuomba sana usisimame hapo. Makubaliano ya ustawi ni mazuri lakini yeye akiacha kulipa afisa hana askari wa kwenda kukamata mtumbwi. Mwambie afisa mnataka makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yaingizwe kuwa amri. Kama mwenzako ana nia njema hatakataa, na akikataa umeshajua nia yake mapema.

Akipuuza wito, usikae unasubiri mwaka. Mwambie afisa akuandikie barua ya kwenda mahakamani.

Kwa wale waliofunga ndoa na sasa mnaelekea kuachana, njia yenu inapitia pia baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la Bakwata au la kanisa, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hivyo kabla ya shauri la talaka. Matunzo ya watoto yanaweza kuamuliwa humohumo kwenye shauri la ndoa. Lakini kama hamuachani kisheria, au hamkuwahi kuoana, mahakama ya watoto inatosha.

Kumpata mtu wa visiwani

Hili nalitenga maana kwetu ndilo linalosumbua kuliko yote. Mtu anasema yuko Ukara, ukifika yuko Goziba, ukiuliza Goziba wanakwambia kavuka Kome. Kila mwalo una uongozi wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia mwalo, na wavuvi wanajulikana pale, tajiri anajulikana, namba ya chombo inajulikana. Nenda na barua ya afisa ustawi, usiende na kelele, mwone mwenyekiti wa BMU na mtendaji wa kijiji, waombe wathibitishe kama huyo mtu yupo na anafanya kazi na nani. Ratibu wito ufike siku za mwezi mkubwa ambapo wavuvi wa dagaa wengi wanakuwa nchi kavu. Tajiri naye ni mtu muhimu, wapo matajiri waungwana ambao ukiongea nao kwa heshima na karatasi mkononi wanakubali kumbana kijana wao. Tena usipeleke mtoto. Nimeona wamama wanamtuma kijana wa miaka 15 avuke maji akamdai baba yake hela ya daftari, na kijana anabaki kambini hukohuko anavuta nyavu, shule imeisha. Baba mwingine ndiyo anachotaka, anakwambia "mlete huku nimfundishe kazi". Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru na isiyoharibu shule. Kukesha ziwani usiku si kazi nyepesi, na hakumwondolei baba wajibu wa matunzo.

Hatua ya nne: mahakamani

Mahakama ya watoto si jengo la kutisha. Kuna mahakama za mwanzo nyingi nchini zilizoteuliwa kuketi kama mahakama za watoto, na kesi inasikilizwa faragha, hakuna umati wa watu wamekaa kwenye mabenchi kusikiliza mambo yenu. Afisa ustawi anakuwepo. Kwenye masijala uliza shauri la maombi ya matunzo linafunguliwa wapi kwa wilaya yako, watakuelekeza. Kama hujui kuandika maombi na kiapo, tafuta wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni ya bure. Hapa Mwanza shirika la Kivulini linafahamika sana kwa kusaidia wanawake na watoto. Unaweza pia kupiga 116, ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto, na kijana mwenyewe anaweza kupiga.

Mahakama itaomba ripoti ya uchunguzi kutoka ustawi. Yaani afisa atakuja nyumbani, ataona mtoto analala wapi, ataongea naye, na ataongea na upande wa pili. Usipake rangi nyumba, usimfundishe mtoto cha kusema. Kijana wa miaka 14 au 16 ana haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu, na hawa vijana wanajua kueleza kuliko tunavyodhani.

Hakimu akipanga kiasi anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna mmoja ambaye uwezo wake wa kufanya kazi umepungua, watoto wengine wanaotegemea, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Kwa hiyo baba kuwa na mke mwingine na watoto wengine kunaweza kupunguza kiasi, lakini hakumfuti huyu wa kwanza. Na "sina kazi" peke yake haitoshi, ndiyo maana nilisema uandike kile kinachoonekana, chombo, boda, kiwanja, kibanda cha M-Pesa.

Siku ya kesi fika mapema, vaa kawaida, beba nakala tatu za kila kitu. Ukiulizwa jibu kilichoulizwa. Asipofika na samansi ilimfikia, omba shauri liendelee bila yeye, kwa sababu wengine mbinu yao ni kutokutokea mpaka mtoto afike miaka 18.

Akisema mtoto si wake

Kabla ya matunzo itabidi uzazi uthibitishwe. Maombi hayo yanatakiwa yafunguliwe mtoto akiwa bado hajafikisha 18, baada ya hapo lazima mahakama itoe kibali maalumu, kwa hiyo mama mwenye kijana wa miaka 16 au 17 asipoteze hata mwezi. Kama baba amefariki, iwe kwa ugonjwa au ziwani kama tunavyopoteza ndugu zetu, maombi yafunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu afariki, na hili linamgusa mtoto kwenye mirathi, usiliache kwa sababu ya msiba na aibu ya ndugu.

DNA haipimwi kiholela. Inafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na huwezi kwenda tu na mtoto mkono mmoja ukasema nataka kupima, maombi yanapitia mahakama, ustawi wa jamii, polisi au wakili. Uliza mapema gharama na nani atalipa, mahakama inaweza kuelekeza. Na akikataa kupimwa, kukataa kwake kunahesabika kama ushahidi juu yake. Niseme na hili, kaa na mtoto wako umweleze kabla, kwa lugha ya upole. Mtoto wa miaka 13 kusikia koridoni kwamba baba kasema "huyo si wangu" ni jeraha, asilisikie kwa watu.

Hatua ya tano: amri imetoka, hela haiji

Chukua nakala ya amri yenye muhuri, toa fotokopi, weka sehemu mbili tofauti. Pokea hela kwa simu au benki siku zote, ukipewa mkononi andikeni na msaini. Fungua daftari lenye mwezi, kiasi kilichotakiwa, kilichoingia. Na wewe weka risiti za ulichonunua, siku akilalamika kwamba unakula hela za mtoto una majibu.

Ikipita miezi miwili kimya, rudi mahakama ileile na daftari, omba kukazia amri, yaani mahakama imlazimishe alipe. Kwa mwajiriwa omba ikatwe kwenye mshahara moja kwa moja, iwe halmashauri, mgodini au kiwanda cha samaki. Kwa asiye na mshahara, mali yake inaweza kukamatwa kupitia dalali wa mahakama. Usiende wewe na kaka zako kufungua injini ya mtumbwi usiku, hapo mwenye kesi utakuwa wewe.

Kama hali imebadilika, mtoto kapangiwa shule ya bweni Kagera, au baba kweli kaumia kazini, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba kiasi kibadilishwe. Anayepunguza mwenyewe bila mahakama anajilimbikizia deni.

Na tafadhali, kumnyima baba kumwona mtoto kwa sababu hajalipa, na baba kukataa kulipa kwa sababu hajaonyeshwa mtoto, yote mawili hayakubaliki. Ni mambo mawili tofauti, kila moja lina maombi yake.

Binti akipata mimba

Naliandika hili nikiwa na uchungu kwa sababu kwetu huku bado linamalizwa kwa ng'ombe. Binti wa miaka 15 anapewa mimba, wazee wanakaa, ng'ombe wanatajwa, kijana au mzee mwenyewe anaondoka, ng'ombe wanaingia zizini kwa babu na binti hana hata maziwa ya mtoto. Binti aliye chini ya miaka 18, kukubali kwake hakuhesabiki, hiyo ni jinai, na kwa mwanafunzi Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa aliyempa mimba. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, nenda hospitali. Makubaliano ya familia hayafuti kosa, na kesi ya jinai haimwondolei yule mtu wajibu kwa mtoto aliyezaliwa.

Halafu kuna watoto wawili pale. Kichanga anatunzwa na wazazi wake, na binti naye bado ni mtoto, kwa hiyo baba yake na mama yake bado wana wajibu wa kumlisha, kumvisha na kumsomesha. Baba anayesema "ameshazaa, aende kwa mume" anavunja sheria. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule za kawaida, kwa hiyo kwenye hesabu yako ya matunzo weka na gharama ya mtu wa kukaa na kichanga binti akiwa darasani. Na kama aliyempa mimba naye ni kijana wa shule, pelekeni ustawi familia zote mbili, wazazi wa kijana wanaweza kukubali kwa maandishi kusaidia wakati mtoto wao anamaliza masomo.

Akikaribia miaka 18

Kwa kawaida amri ya matunzo inakoma mtoto akifikisha 18, au mapema zaidi akishakuwa na ajira ya kujitegemea. Lakini kama bado anasoma au anapata mafunzo, mahakama inaweza kuiendeleza. Hesabu umri wake na ngazi aliyopo, watoto wetu wengi wanafika 18 wakiwa form foo au form faivu, wengine wako VETA. Miezi mitatu au minne kabla ya siku yake ya kuzaliwa chukua barua ya shule inayoonyesha anaendelea na masomo na yataisha lini, ambatanisha na nakala ya ile amri na makadirio mapya ya gharama, peleka mahakamani uombe iendelee. Usisubiri siku ipite halafu uanze kubishana, kwa sababu baba atakuwa ameshaacha kutuma na shule inataka hela ya muhula.